Mtoto yuko mahabusu ya watoto na amebadilika ghafla: namna ya kutambua kwamba anateswa, na la kufanya kabla hujapiga kelele

Mlezi Mstaafu

Wakuu, salaam.

Nilifanya kazi ya ulezi kwenye kituo cha kushikilia watoto wenye kesi kwa miaka 11. Kituo sitakitaja. Naanza na jambo linaloninyima usingizi hadi leo.

Siku moja ya kutembelewa, bibi mmoja alikuja kumwona mjukuu wake wa miaka 14. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Kijana akaketi ameegemea upande mmoja, bibi akamuuliza mbona anakaa vile. Akajibu ameteleza bafuni. Bibi akanitazama mimi. Nikaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeshuhudia, na sikuwa nimeshuhudia chochote. Tena mwezi uleule nilikuwa nimeandika kwa mkono wangu, katika daftari la zamu, watoto wengine wawili "walioteleza" katika bafu lilelile, zamu ya usiku ya ofisa yuleyule. Sakafu ya bafu lile ilikuwa ya saruji ya kukwaruza. Hata ungeimwagia sabuni usingeteleza.

Ilinichukua miezi minne zaidi kufungua mdomo. Uzi huu nauandika kwa ajili ya yule bibi, na kwa yeyote atakayekaa kwenye benchi la wageni wiki hii akaona jambo asilolielewa.

Kwanza tuondoe dhana kwamba mtoto akiteswa atasema. Anayeteswa nyumbani huenda ana mlango wa jirani wa kukimbilia. Wa kizuizini hana. Anayempiga ndiye anayemfungulia choo, ndiye anayempakulia chakula, na ndiye anayeandika ripoti ya tabia ambayo hakimu ataisoma kabla ya kuamua kama mtoto aende nyumbani au abaki. Kwa hiyo mtoto anajiuliza swali moja tu: nikisema leo, usiku nitalala wapi, na ufunguo utakuwa kwa nani? Ukilielewa swali hilo umeelewa karibu kila kitu nitakachosema hapa.

Mwilini, angalia mahali jeraha lilipo kabla ya kuangalia ukubwa wake. Mtoto anayecheza huumia ugoko, magoti, viwiko. Alama kwenye masikio, shingo, mgongo, matako, au sehemu za ndani za mapaja zinahitaji maelezo ya maana kuliko "nimeanguka". Anayetembea kama anakanyaga miiba huenda amechapwa nyayo, na nyayo zinaweza kuuma sana bila alama kubwa ya kuonekana. Ukisikia analalamika ganzi mgongoni mwa kiganja, upande wa kidole gumba, muulize kuhusu pingu, maana zikikazwa kupita kiasi hubana mshipa wa fahamu unaopita hapo. Na usijaribu kukisia jeraha ni la lini kwa kuangalia rangi ya pale damu ilipovilia. Hata daktari hawezi kusema kwa uhakika kwa rangi peke yake. Andika rangi uliyoiona, basi.

Tabia husema zaidi. Mtoto mwongeaji anaanza kujibu neno mojamoja, na kabla ya kujibu anamtupia ofisa jicho. Kijana wa miaka 15 anaanza kujikojolea, au anakataa kuoga. Mwingine anakataa kutembelewa, wazazi wanadhani amewakasirikia, kumbe kila baada ya ziara anavuliwa nguo na kupekuliwa kwa namna inayomtia hofu kuliko hamu yake ya kumwona mama. Angalia pia vitu ambavyo nyinyi hamkumpelekea: viatu vipya, sigara, simu ya siri. Ofisa anayempendelea mtoto mmoja alinitisha kuliko ofisa mkali, kwa sababu ukatili wa kingono mara nyingi huingilia mlango huo wa zawadi. Na msimtafute mwanamume peke yake. Nchini Marekani, serikali ilipowahoji vijana waliomo katika vituo vya watoto mwaka 2008 na 2009, karibu asilimia 12 walisema wamefanyiwa ukatili wa kingono humo ndani. Kati ya waliosema wametendewa na watumishi, karibu asilimia 95 walitaja watumishi wa kike. Uchunguzi kama huo ulipofanywa mwaka 2018 kiwango kilikuwa asilimia 7.1. Mvulana wa miaka 16 akikwambia "nilitaka mwenyewe", kumbuka nani alikuwa na ufunguo.

Kuna dalili za kituo chenyewe pia, na hizi ndizo watu wa nje huzipita bila kuziona. Daftari la malalamiko likiwa safi, kurasa tupu mwaka mzima, usipongeze. Watoto 60 wamefungiwa pamoja na hakuna hata mmoja aliyelalamikia uji? Hapo kuna woga, au kuna mtu anayechana kurasa. Uliza ufunguo wa sanduku la malalamiko anao nani. Kwetu alikuwa nao mkuu wa kituo, aliyekuwa pia akilalamikiwa.

Uliza nani anatunza nidhamu bwenini usiku. Ukisikia kuna nyapara, yaani kijana mkubwa aliyepewa mamlaka juu ya wenzake, jua maofisa wamekabidhi fimbo kwa mtoto ili mikono yao ibaki misafi. Akimpiga mwenzake inaandikwa "ugomvi wa watoto". Na huyo nyapara naye ni mtoto anayeharibiwa.

Sikilizeni pia majina ya vyumba. Hakuna kituo kitakachokwambia tunamfungia mtoto peke yake. Utasikia "chumba cha utulivu", "kutafakari", "uangalizi maalumu". Uliza tu: humo anakaa saa ngapi kwa siku, na anaongea na nani? Kwa Kanuni za Mandela za Umoja wa Mataifa za mwaka 2015, mtu kufungiwa saa 22 au zaidi kwa siku bila kuwasiliana na watu kwa maana yoyote ni kifungo cha upweke, hata mlango ukipakwa rangi gani. Kwa watoto sheria ni kali zaidi: Kanuni za Havana, nazo za Umoja wa Mataifa, za mwaka 1990, kanuni ya 67, zinakataza kumwadhibu mtoto kwa kumfungia peke yake, kumchapa, kumweka gizani, kumpunguzia chakula au kumnyima mawasiliano na familia. Ishikeni namba hiyo. Nimewahi kuona mkuu wa kituo akibadilisha sauti baada ya mzazi kuitaja.

Sasa la kufanya. Akikuambia kitu, au ukihisi kuna kitu, usimhoji kama polisi. Uliza swali lililo wazi, "nini kilitokea?", kisha nyamaza. Usimtajie jina la ofisa wala kumpa maneno mdomoni, kwa sababu siku ya kesi ushahidi utasemekana umetoka kwako. Usimrudishe kwenye simulizi mara tatu. Usimwahidi kwamba hutamwambia mtu, maana utalazimika kuivunja ahadi hiyo na atajifunza kwamba na wewe ni walewale. Mwambie ukweli: "Nitawaambia wanaoweza kusaidia, na nitakueleza ni nani kabla sijaenda." Ukitoka nje ya geti andika palepale: tarehe, saa, nani alikuwepo, maneno yake kama alivyoyasema, hata kama ni matusi.

Kisha usirudi ndani kumfokea ofisa. Najua damu inachemka. Lakini wewe unaondoka na mtoto anabaki. Nenda juu ya kituo na nje ya kituo siku hiyohiyo: kwa wakili wake, kwa mahakama iliyoamuru ashikiliwe, kwa ustawi wa jamii, kwa tume ya haki za binadamu kama ipo. Nchi kadhaa za Afrika zina simu ya msaada kwa mtoto kupitia 116, na nyingi za Ulaya 116 111. Omba mambo matatu kwa maandishi: daktari asiye wa kituo ampime, picha za kamera zihifadhiwe zisifutwe, na mtuhumiwa aondolewe kwenye zamu.

Hilo la tatu lisisitizeni. Nimeona watoto waliosema ukweli wakahamishiwa chumba cha peke yao "kwa usalama wao", bila shule, bila mpira, huku ofisa akiendelea na zamu. Wenzao wote wakajifunza somo. Anayepaswa kuhama ni mwenye ufunguo.

---

Sauti Kavu

Mkuu, nakuheshimu ila wengi wa hao ni wezi na wapigaji. Wamejeruhi watu. Mwanangu aliporwa na watoto wa namna hiyo. Mkiwadekeza ndani wakitoka watafanya zaidi.

Mlezi Mstaafu

Pole kwa yaliyompata mwanao. Sikudharau.

Lakini wengi wa niliowalea walikuwa bado wanasubiri kesi, hawajakutwa na hatia yoyote. Wengine waliachiwa kwa kukosekana ushahidi, wakarudi nyumbani na taya lililovunjika. Na hata aliyehukumiwa, adhabu yake ni kunyimwa uhuru. Sijawahi kusoma hukumu iliyosema "na achapwe na ofisa wa zamu ya usiku". Utafiti wa Umoja wa Mataifa wa 2019 ulikadiria kwamba watoto wasiopungua 410,000 kwa mwaka hupita katika mahabusu na magereza duniani. Karibu wote watarudi mtaani kwako na kwangu. Nimewaona waliotoka wakiwa wamepigwa miaka miwili mfululizo, na sikuona hata mmoja aliyefundishika kwa njia hiyo.

---

Nesi wa Zamu

Naongezea upande wa tiba kwa sababu saa zina maana kubwa hapa.

Kama mtoto amebakwa au kulawitiwa, dawa kinga za VVU zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Kwa msichana, dawa za kuzuia mimba zinaweza kufanya kazi hadi siku tano, ingawa mapema ni bora. Asioge kwanza kama inawezekana. Nguo aliyovaa iwekwe kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki, kwa sababu plastiki hutunza unyevu na kuozesha ushahidi. Muda ukipita, bado mleteni. Tiba ipo, na kumbukumbu ya daktari ina kazi hata baada ya wiki.

Jingine ni hili: mtoto akiletwa hospitali na ofisa, mwambieni daktari amtoe ofisa nje. Kama ni lazima awepo kwa usalama, akae asikosikia. Nimewahi kumpima msichana aliyekuwa ameletwa kwa "kuumwa tumbo", ofisa ameshika mkono wake muda wote. Nilipomwomba ofisa akachukue fomu dirishani, msichana aliongea dakika mbili na zilitosha.

Pia ulizeni kama mtoto alipimwa siku anaingia kituoni. Kanuni za Havana zinataka apimwe na daktari mara tu anapoingia. Kumbukumbu hiyo ndiyo itakayoonyesha jeraha lilikuwepo tangu polisi au limepatikana humo ndani. Isipokuwepo, kila upande utasukumia mwenzake.

Mlezi Mstaafu

Asante sana dada. Hilo la fomu dirishani kila muuguzi alijue.

---

Kijana Kazini

Wakuu, mimi nina miezi saba kazini kwenye kituo kama hivyo. Kuna mwenzangu, mkubwa wangu kwenye zamu, akimdhibiti mtoto anamlaza kifudifudi na kumwekea goti mgongoni. Mtoto anapiga kelele kwamba hawezi kupumua, yeye anajibu "ukiweza kuongea unaweza kupumua". Nikisema nitaonekana msaliti. Nifanyeje?

Mlezi Mstaafu

Mdogo wangu, sikiliza vizuri. Maneno hayo ni ya uongo na yameua. Mtu anaweza kutoa sauti huku hewa inayoingia haimtoshi. Mwaka 2004 katika kituo cha Rainsbrook, Uingereza, mvulana wa miaka 15 alikufa akiwa ameshikiliwa na watumishi watatu, akiwa ameketi. Alikuwa amewaambia hapumui. Mtindo ule wa kushika ulipigwa marufuku baadaye, mtoto ameshakufa.

Leo hii, ukiwa kwenye tukio na mtoto akasema hivyo, kazi yako ni moja: sema kwa sauti "mwachie, mgeuze", na mgeuze. Usisubiri kikao. Baada ya hapo andika ripoti yako mwenyewe, usisaini ya pamoja. Ripoti za pamoja ndizo zilizonilea mimi katika uongo, kwa sababu sahihi sita zilionekana kama mashahidi sita na mwandishi alikuwa mmoja. Nakala ipeleke juu ya kituo na yako ibaki nayo. Na mtafute mwenzako mmoja aliyechoka kama wewe. Yupo. Mimi nilipofungua mdomo nilikuta muuguzi na mpishi walikuwa wanajua, kila mmoja akidhani yuko peke yake.

Utaitwa msaliti kweli, sitakudanganya. Mimi walihamisha zamu zangu zote na wengine wakaacha kunisalimia.

---

Mtazama Mbali

Kuhusu kamera, someni habari ya Don Dale, kituo cha kushikilia watoto kaskazini mwa Australia. Julai 2016 televisheni ilionyesha kijana amefungwa kwenye kiti, amevishwa mfuko kichwani, na watoto wengine wakipuliziwa gesi ya machozi. Nchi ikashtuka, tume ikaundwa, Novemba 2017 ikapendekeza kituo kifungwe. Lakini gesi ile ilipuliziwa Don Dale mwaka 2014, na kiti ni 2015, huko Alice Springs. Picha zilikuwepo muda wote huo mikononi mwa wahusika. Kamera bila mtu wa nje wa kuangalia haimlindi mtoto.

Mlezi Mstaafu

Kweli kabisa mkuu. Na ziko sehemu ambazo kamera haifiki kamwe: stoo, gari la kwenda mahakamani, jikoni. Kule Medomsley, Uingereza, mhalifu mkubwa alikuwa ofisa aliyesimamia jiko, akijichagulia wavulana wa kufanya naye kazi. Kituo kilifungwa miaka ya 1980, hukumu yake ilikuja 2003, na polisi walipofungua uchunguzi mpana zaidi ya wanaume 1,800 walijitokeza kueleza yaliyowapata kituoni pale. Wazee wenye wajukuu. Wengi walikuwa hawajawahi kumwambia mtu.

---

Bweni la Tatu

Nilikaa ndani miezi tisa nikiwa na miaka 14. Sitaeleza yote.

Watu watano waliniuliza "unapigwa?" Wote niliwajibu hapana. Mmoja aliniuliza mbele ya aliyenipiga.

Aliyenisaidia ni mwalimu wa kujitolea. Aliwaambia darasa zima tuchore kituo, kila mtu achore sehemu anazopenda na asizopenda kwenda. Nilichora kila kitu, ila korido ya stoo sikuichora. Na wenzangu wanne hawakuichora. Yule mwalimu aliona. Hakuuliza kitu siku ile. Wiki iliyofuata alirudi, na iliyofuata, halafu siku moja akaniuliza tu, "Kuna mahali humu hupendi kupita?" Nikamwambia.

Msituulize kama tunapigwa. Tuulizeni kuhusu mahali, kuhusu usiku, kuhusu nani yuko zamu siku mnayolala vizuri. Na mkisema mtarudi, rudini.

Mlezi Mstaafu

Nimesoma mara tatu. Asante, ndugu yangu. Pole sana kwa yaliyokukuta.

---

Mama Wawili

Jamani mimi ni mzazi. Wangu ana miaka 15, yuko ndani wiki ya sita anasubiri kesi. Mara mbili nimeambiwa hataki kuniona. Jana nimeambiwa yuko "uangalizi maalumu". Nimesoma uzi huu natetemeka.

Mlezi Mstaafu

Mama, kaa chini kwanza. Huna uhakika bado, na huhitaji uhakika ili kuchukua hatua. Shaka yenye sababu inatosha.

Kesho asubuhi mpigie wakili wake. Kama hana, nenda kwa karani wa mahakama iliyotoa amri, ueleze kwamba mtoto amefungiwa peke yake, huruhusiwi kumwona, na unaomba aletwe mbele ya hakimu. Kituoni uliza kwa upole lakini kwa maandishi: ameingizwa humo tarehe gani, kwa amri ya nani, anatoka saa ngapi kwa siku, daktari amemwona lini. Omba umwone kwa macho hata dakika tano, waambie hiyo "hataki" aitamke mtoto mwenyewe. Ukimwona, muulize waziwazi kama anafikiria kujidhuru. Kuuliza hakumpandikizii wazo, na siku za upwekeni ndizo za hatari zaidi. Akisema ndiyo, usitoke pale mpaka mkuu wa kituo na daktari wameambiwa na umeandika majina yao.

Nesi wa Zamu

Mama, nenda na mtu. Usiende peke yako. Huyo mtu aandike wewe ukiongea.

Mama Wawili

Narudi kuwapa habari. Wakili alifika mahakamani Ijumaa. Hakimu ameamuru mtoto aletwe Jumatatu na apimwe hospitali ya nje. Wamemtoa kwenye kile chumba jana jioni, hawakueleza kwa nini. Leo nimemwona dakika kumi, mezani, ofisa amesimama hatua chache. Amekonda. Ana alama nyuma ya sikio. Hakusema kitu na sikumlazimisha. Nilimuuliza siku gani analala vizuri, akasema Jumanne na Alhamisi. Nimeandika.

Mlezi Mstaafu

Umefanya vizuri sana, mama. Hizo siku mbili mpe wakili, aombe orodha ya zamu za usiku aone nani hayupo Jumanne na Alhamisi. Na Jumatatu kabla ya kuingia kwa hakimu, muulize kama barua ya kuhifadhi picha za kamera imepokelewa kituoni na ina muhuri.